Mgonjwa wa Mazoezi

Jumatatu ni mtihani wa vitendo.
Leo Bukuru, katoka kuuza migebuka Kibirizi,
kanikopesha mkono unaonuka samaki.

Nimenawa. Nimefunga mkanda wa mpira juu ya kiwiko,
nimetafuta mshipa kwa kidole, si kwa macho.
Kalamu ndiyo sindano.

"Umefeli," anasema pacha wangu.
"Hujanisalimu. Hujataja jina. Hujaniuliza kama nataka."

Miaka ishirini na mbili, na kabla yake tumbo moja:
lini nilijitambulisha kwake?

Nafungua mkanda. Nanawa upya. Taa ya sola inafifia.
"Habari za jioni, dada. Naitwa Butoyi,
mwanafunzi wa uuguzi. Naomba mkono wako."

Anachelewa kujibu.
Kisha, kama mtu nisiyemjua,
ananinyooshea, kiganja juu.