Kuchora Kisanduku

Ghorofa ya tatu, Sinza Kijiweni,
naifundisha mashine kuona.
Hii bajaji. Hili guta.
Hiki kivuli cha mtu, si mtu.
Shilingi kumi na mbili kwa picha,
na feni huzunguka ikijisikia.

Wanasema kesho itajua yote:
itasoma eksirei Muhimbili,
itaamua nani akopeshwe.
Sawa. Ila mwiko haijaujua.
Jana iliuita kasia.

Saa tisa alasiri ikaja picha ya Buguruni.
Niliujua ukuta, rangi yake iliyobabuka,
na meza ya Mama Sikudhani:
mafungu ya dagaa, kopo la chenji,
kanga imetandwa kuzuia jua.
Mashine ilishabahatisha:
*takataka, asilimia tisini na moja.*

Kidole kikaganda.
Dagaa hao ndio walionilipia ada.

Nikafuta. Nikachora kisanduku upya,
kona kwa kona,
kama anayetandika kitanda cha mgonjwa,
nikaandika: *duka.*
Msimamizi akauliza mbona nachelewa.

Zimebaki picha mia nne.
Sijui ngapi ni za Buguruni,
wala ngapi zimeangukia kwa mwingine,
mji mwingine,
asiyemjua Mama Sikudhani,
naye analipwa kwa picha.