Skrubu Arobaini na Mbili

Jumatatu walibadilisha picha ukutani.
Msumari ule ule, fremu ile ile,
uso mwingine.
Barrientos wa stoo alipanda ngazi,
akapangusa vumbi kwa kiwiko,
akashuka akisema: hii ni ya saba kwangu,
na msumari haujawahi kulegea.

Sisi wa laini ya tatu tulicheka.
Ilikuwa Disemba, kiangazi chetu kisicho na joto,
na upepo wa Río Grande ulikuwa unapiga mabati
kama mdai aliyechoka kubisha hodi.

Mimi naitwa Nélida Oyarzo.
Miaka kumi na tisa nimefunga migongo ya televisheni,
skrubu arobaini na mbili kila moja:
thelathini fupi, kumi na mbili ndefu.
Usiniulize zinaonesha nini.
Mimi naijua televisheni kwa kisogo,
kama kinyozi ajuavyo watu.

Na niseme hili, maana kantini halisemwi:
kura yangu nilimpa huyu wa ukutani.
Mashine yangu ya kufulia ilikuwa imekufa,
mpya ilitaka mishahara minne,
na dada yangu, ng'ambo ya mpaka, Punta Arenas,
alinunua ya namna hiyo kwa mmoja.
Huyu aliahidi bei zitashuka.
Mgeni njoo, nikasema, mwenyeji apone.
Sikuuliza mwenyeji ni nani.

Bei zilishuka. Hapo simsingizii.
Machi ukaja waraka wa forodha, aya tatu tu,
mfupi kuliko orodha ya vyakula vya kantini.
Aprili saa za ziada zikafutwa.
Mei makontena yaliwasili, tukayafungua,
ndani hamna vipande:
televisheni nzima nzima,
kisogo kimeshafungwa na mtu mwingine,
na kazi yetu ikawa kubandika karatasi
yenye jina la kiwanda.
Gundi.
Miaka kumi na tisa, halafu gundi.

Chama kilichoma matairi langoni siku mbili.
Upepo uliuzima moto kabla polisi hawajafika.
Meneja Schiaffino, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kweli,
alitueleza kwamba serikali hubadilika,
miaka minne si mingi,
ikija nyingine laini itawashwa tena,
mashine zinajua kusubiri.
Barrientos akamjibu kutoka nyuma:
mashine zinapakwa grisi zisishike kutu.
Sisi mtatupaka nini?

Hakuna aliyejibu. Mtu alikohoa.

Juni walituita ofisini kwa alfabeti.
Herufi O iko mbali kidogo;
nilipata muda wa kumaliza chai yangu,
na wa kusuuza kikombe,
na wa kukirudisha kabatini mahali pake,
ndipo nikakumbuka kwamba kikombe ni changu,
nikakitoa.

Kwa pesa za kuachishwa kazi
nilinunua mashine ya kufulia.
Bei ya mshahara mmoja, kama alivyoahidi,
ila mshahara wenyewe ndio haupo.
Inafua vizuri. Uongo wa nini?

Usiku ule niliivuta kutoka ukutani,
nikawasha tochi, nikaitazama kisogoni.
Skrubu kumi na nne. Ya tisa imeingia upande.
Mtu fulani, nchi fulani, alikuwa na haraka,
au mkono ulimuuma,
au jirani yake wa laini alikuwa anamnong'oneza
kwamba na huko kwao wamebadilisha picha.
Nilichukua bisibisi, nikaitoa,
nikairudisha taratibu, wima,
mpaka ikakaza.

Nguo ya kwanza kuingia ilikuwa ovaroli.
Sikupekua mifuko.
Maji yalipoanza kuzunguka nikasikia
skrubu mbili, za zile ndefu,
zikigonga ngoma ya chuma, zikinyamaza, zikigonga.
Fundi yeyote angekuambia uzime mashine.
Nilivuta kiti nikakaa.