Vipimo Kumi na Vitatu

Kazi yangu ni kumgeuzia kurasa Anganile.
Nakaa kushotoni kwake, nangoja kidevu kishuke,
ndipo nafunua.
Kwa miaka sita nimekosea mara moja tu,
nayo nitaieleza.

Watu humwuliza: mbona huwapigi wale wakubwa,
wenye sanamu na stempu?
Hucheka. "Wale wana watu wao.
Wangu hana hata kaburi lenye jina."

Wake ni Yeremia Kasyupa, karani wa bohari ya reli,
aliyetunga usiku, nyuma ya hati za mizigo:
upande huu, saruji, mifuko mia mbili, kwenda Tabora;
upande huu, nota za kinanda, wino wa buluu.
Tulizikuta Keko, ndani ya kopo la biskuti,
chini ya kadi za kliniki na mkufu uliokatika.
Mchwa walitutangulia.
Walikuwa wameula mkono wa kushoto wa ukurasa wa nne;
Anganile akauandika upya, kwa penseli,
"ili mwenyewe akija afute."

Kipande cha saba ndicho kilichomtesa.
Nota zinapanda, zinapanda, halafu hakuna kitu.
Vipimo kumi na vitatu vitupu,
kila kimoja na alama yake ya kunyamaza,
imechorwa kwa rula.
Alikivalia njuga kimya kile miaka miwili.
Alikiita msiba. Alikiita uasi.
Alikiandikia kurasa arobaini, akazisoma mbele ya wataalamu,
nao wakatikisa vichwa kwa heshima.

Machi tukafanya onyesho, ukumbi wa shule, Upanga:
viti hamsini, watu kumi na tisa.
Unyevu wa masika ulikuwa umekivimbisha kibao cha Sol,
kikizama hakiibuki,
nikawa nakiinua kwa kidole, kama anayechokonoa mwiba.
Mstari wa mbele, Bi. Tusekile, binti wa marehemu,
miaka themanini na mmoja, viatu amevivua.

Kimya kilipofika Anganile aliinua mikono.
Feni ikakwaruza.
Bi. Tusekile, asiyejua kunong'ona, akamwambia mjukuu:
"Hapo lilikuwa linapita gari moshi la Kigoma.
Nyumba yetu ya Gerezani ilitetemeka yote, mpaka vikombe.
Baba alingoja lipite,
ndipo anaendelea."

Nililiona bega la Anganile likishtuka.
Kurasa arobaini, nikawaza, zimekwenda na maji.
Lakini mikono hakuishusha.
Alikuwa bado kwenye kipimo cha tisa.
Cha kumi.
Bibi akaigeuza shingo polepole, kushoto kwenda kulia,
midomo ikicheza, akihesabu mabehewa,
na mjukuu naye akageuka, na mlinzi wa mlangoni,
na mimi.

Kidevu kilishuka.
Nilikuwa bado nalitazama behewa la mwisho;
ukurasa sikuufunua.