Trei ya Aprikoti

Arusyak amekwama kwenye saba mara kumi na mbili.
Penseli ameitafuna hadi mti wake umeota ndevu.
Nami niko juu ya paa, vidole vinanata,
napanga nusu za aprikoti, tumbo juu, zilitazame jua
kabla nyigu hawajapata habari.

Panda, namwambia. Daftari liache huko huko.

Hii hapa trei. Hesabu safu.
Saba.
Kila safu ina nusu ngapi?
Kumi na mbili.
Sasa zunguka, simama upande wa bomba la moshi.
Unaona nini?
Safu kumi na mbili, anasema, kila moja ina saba.
Kuna iliyosogea?
Hakuna.
Kuna iliyoliwa?
Anajifuta mdomo. Moja, mama.
Naweka nyingine pengoni, somo lisije likaharibika.

Basi ndiyo hivyo: trei ni ile ile,
aliyehama ni wewe.

Lakini kumi na mbili bado inamtisha.
Nachukua ufito, naulaza juu ya trei,
kushoto kumi, kulia mbili.
Huyu saba, namwambia, ni mgeni mwenye adabu:
akiingia kwenye mabano
hamsalimu mmoja akamruka wa pili.
Saba kwa kumi, sabini.
Saba kwa mbili, kumi na nne.
Nauondoa ufito. Themanini na nne,
na hakuna tunda lililojua kwamba liligawanywa.

Jana tulichuma ndoo tatu.
Mama mkwe alitaka tuchanganye kwanza
kilo kumi na nne za mti mkubwa na tisa za ukutani,
ndipo zifuate nane za bondeni.
Mimi nilitaka za ukutani na za bondeni zitangulie.
Tulinuniana hadi chakula cha usiku.
Beseni halikujali. Thelathini na moja
kwa ukaidi wake, thelathini na moja kwa wangu.

Na sifuri, mama?
Sifuri akijumlishwa ni paka wa Hripsime
anayepita juu ya ukuta: hachukui, haachi.
Akizidisha, jihadhari naye.
Trei mia, kila moja tupu:
umepanda ngazi mara mia na mikono yako mikavu.
Na moja?
Moja akikuzidisha anakuacha ulivyo.
Nimewajua watu wachache wanaoweza hivyo.

Kisha anauliza lile nililoliona likija tangu ngazini.
Baba yuko Novosibirsk, anapanga matofali tangu Machi.
Mezani tuko watatu.
Akirudi, tukamjumlisha mwisho,
jumla itakuwa ile ile
kama tungemhesabu wa kwanza?

Nne, nasema. Uanzie kwake, uanzie kwako, nne.

Sikumwambia habari za kutoa.
Mwalimu wao atawafikisha huko,
kwamba nne toa moja si moja toa nne,
kwamba kutoa kuna mlango
na kuna tofauti kubwa nani katangulia kutoka.
Wala sikumwambia kwamba kila jioni
natoa sahani nne kabatini, narudisha moja,
na ile moja inarudi safi, baridi,
nikijua vizuri kabisa kwamba sivyo hesabu inavyofanywa.

Jua limegusa theluji iliyosalia juu ya Aragats.
Arusyak anaomba trei nyingine.
Anaivuta hadi ukingo wa kaskazini,
anaipa mgongo nyumba yetu yote
kisha anageuka, anachuchumaa, anaanza kuhesabu:
hivi ndivyo baba anavyoiona, anasema,
kutoka kule.

Nasubiri. Nyigu wa kwanza amekwisha fika.

Themanini na tatu, anatangaza,
mdomo umejaa.