Kuzindua

Bibi Mwanatumu wa Ngamiani, barabara ya kumi na moja,
alikuwa akizindika nyumba:
kombe la zafarani, msumari, uzi mweusi kizingitini,
maneno yasiyovuka meno.
Nyumba iliyozindikwa haiingiliki.
Siku ya kuhama huitwa yeye yule,
achimbue alichofukia.
Hapo ndipo husema: nimezindua.

Jumamosi walikuja kuzindua bomba letu.
Utepe mwekundu, mkasi juu ya sinia,
kipaza sauti kikikohoa.
Bibi akaniinamia sikioni:
“Kwani nani alilizindika?”

Nikacheka. Nikamwambia neno limehama,
siku hizi ni kufungua tu, kwa hotuba.
“Limehama,” akasema, “bila kuchimbuliwa?”

Utepe ukakatwa. Mheshimiwa akazungusha koki.
Bomba likatoa pumzi,
likatema kutu kiganja kimoja,
likanyamaza.

Makofi yakapigwa hata hivyo.

Walipokwisha kukunja maturubai
Bibi akavua kandambili, akapiga magoti
penye udongo ambao mafundi waliurudishia juzi,
akaanza kufukua kwa kijiko cha chai.

Sikumuuliza anatafuta nini.
Nilishika ndoo.