Wembe

Jakarta, 1952

Walituachia meza, penseli ngumu, wino uliokauka nusu,
na ramani ya mji kwa lugha yao, imekunjwa mara nane.
Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya wembe:
kukwangua majina. Mtaa wa malkia fulani,
bustani ya jenerali fulani,
taratibu, karatasi isitoboke.
Jina halitoki lote. Hubaki doa
kama la sufuria ya moto juu ya mbao,
na juu ya doa hilo niliandika majina yetu
kwa mwandiko walionifundisha wao.

Kampung Rawa Kecapi haikuwa na cha kukwangua.
Palikuwa peupe, na vishada vitatu vya majani,
alama ya kinamasi.
Watu elfu nne ndani ya vishada vitatu.

Tulikwenda na Marjuki, mwezi wa mvua,
yeye na mnyororo wa kupimia, mimi na daftari chini ya shati.
Tulipima mlango; kesho yake tukaukuta umehamia ubavuni,
maana ukuta ni mianzi, na mwenyewe kafikiwa na binamu.
Marjuki alicheka hadi mnyororo ukamponyoka mtaroni.

Mpok Rimah alikuwa anakaanga tempe.
Mstari wetu ulikata jiko lake katikati.
"Piteni," alisema, "ila vueni viatu."
Kisha, bila kugeuka: "Mkishanichora, nani atanisoma?"
Serikali, nikasema. Yetu, sasa.
"Ile ya zamani haikujua nilipo.
Miaka ishirini sijalipa kodi ya kuonekana."
Akatutilia vipande viwili kwenye jani la mgomba,
vikatuunguza vidole.

Usiku, ofisini, nilichora kisima,
msikiti mdogo, daraja la magogo mawili.
Kwenye jiko lake kalamu ikasita.
Nilikuwa nimeuona mpango mezani kwa mkubwa wangu:
barabara pana, iliyonyooka, ya kupokelea wageni wa taifa,
inayotafuta pa kupita.

Sikuwa shujaa. Nilichora.
Milimita moja kwa mbili, paa, mlango upande wa leo.
Ila jina, Rawa Kecapi,
nililiandika kwa wino mzito, herufi nene,
nikalirudia mara tatu mpaka karatasi ikalowa,
ili atakayekuja na wembe
akeshe.