Mizani Mbili

Jioni za Alhamisi meza yetu ya Madaraka ina mpaka:
upande wa dirisha ni wangu, madaftari arobaini na mawili ya Kidato cha Tatu;
upande wa ukuta ni wa Kivuva,
na maganda ya shaba aliyoyaokota mwenyewe kwenye nyasi za uwanja wa shabaha,
akayaosha kwa maji ya ndimu, akayaanika juu ya gazeti
mpaka yakang'aa kama meno ya mtoto.

Leseni yake imetundikwa karibu na cheti cha ndoa.
Kimoja, husema, sharti kifanywe upya kila mwaka.
Hasemi kipi.

Mizani aliinunua kwa sonara wa Ngara aliyekuwa akifunga duka.
Ilipima vipini na pete za watu,
sasa inapima baruti, punje kwa punje.
Dirisha hufungwa. Feni huzimwa.
Lori likipita Barabara ya Lang'ata sindano hutikisika,
naye hungoja, mikono magotini,
kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.
Mimi hukatazwa hata kupumua upande ule.

Nami napima. Cheruto ameandika:
*Niliamka mapema, nikaenda kwa duka.*
Nahesabu kwa vidole chini ya meza: nane, saba.
Silabi moja imeanguka njiani.
*Kwenye duka*, naandika kwa wino mwekundu, na mshororo unasimama.
"Umepata?" anauliza bila kuinua macho.
"Nimepata."
"Mimi bado."

Amekuwa bado tangu masika ya mwaka jana.
Hubadili baruti, akaiacha risasi ilivyo;
hubadili risasi, akaiacha baruti;
huizamisha risasi unywele mmoja zaidi ndani ya ganda, akaandika.
Jambo moja kwa wakati,
maana ukibadili mawili, kosa halina mwenyewe.
Daftari lile lina mwandiko mzuri kuliko barua zote alizowahi kuniandikia.

Jumamosi hurudi na karatasi, akazitandaza sakafuni:
hii imetawanyika kama vifaranga walioona mwewe,
hii imelalia kushoto,
hii matundu manne yameshikana, la tano limeasi.
La tano ndilo humnyima usingizi.

Juzi aliibana bastola kwenye jiliwa,
mkono wa mtu usiielekeze,
akafyatua kumi.
Akaniletea karatasi jikoni nikiwa namenya viazi:
tundu moja tu, ungelifunika kwa sarafu ya shilingi kumi.
"Imekaa," akasema. "Sasa imekaa."

Kisha akatoa ya pili, ya mkono wake,
risasi za boksi lilelile, asubuhi ileile.
Vifaranga. Mwewe.

Nikautazama mkono wa kulia pale juu ya meza,
ule uliopima punje mwaka mzima,
nikaona kidole gumba kikicheza peke yake,
polepole,
kama sindano ya sonara lori likiwa bado mbali.
Naye alikuwa anakitazama.

"Angalau," akasema, "sasa najua kosa ni la nani."

Nikaweka kisu chini. Nikaenda kufunga dirisha,
sijui kwa nini.
Hakukuwa na kitu kwenye mizani.